Kwani Hawakuijaribu? Programu Zinazokataa Kupimwa

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zilizimika na kujiwasha upya mfululizo, kila moja ikiishia kwenye skrini ya buluu. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha matibabu, benki na vituo vya televisheni vikakwama. Hawakuwa wadukuzi. Chanzo kilikuwa faili dogo la sasisho kutoka CrowdStrike, kampuni ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta hizohizo. Kuanzia kwa abiria waliolala sakafuni viwanjani hadi kwa wabunge wa Marekani, swali lilikuwa moja: kwani hawakuijaribu?

Waliijaribu. Majaribio yalikuwepo, yaliendeshwa, yakapita. Watu wengi wakisikia hivyo huona wanadanganywa, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba kitu kilichojaribiwa ni kitu kinachofanya kazi. Kwenye programu za kompyuta mambo hayako hivyo. Zipo programu zinazopimika kwa dakika mbili, na zipo zinazokataa kupimwa hata ukikesha nazo, na tofauti yake haitokani sana na ukubwa wake wala na akili ya walioziandika.

Tuanze na jaribio lenyewe. Waandishi wa programu wanaposema wameandika majaribio, hawamaanishi kwamba mtu alikaa mbele ya skrini akibonyezabonyeza aone kitakachoharibika. Hilo nalo lina nafasi yake. Wanachomaanisha ni programu ndogo inayoikagua programu nyingine: inaandaa hali fulani, inakiamuru kipande cha msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, kifanye kazi yake, kisha inalinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa. Yakilingana, jaribio limepita. Yasipolingana, limefeli, na mwandishi anajua pa kuanzia kutafuta. Majaribio ya namna hii yanaweza kuwa maelfu, na huendeshwa kila mara msimbo unapoguswa.

Pale msimbo unapopokea kitu na kurudisha kitu, kazi ni nyepesi. Tarehe 31 Desemba 2008 vicheza muziki vya Zune vya GB 30, vilivyouzwa na Microsoft, viliganda kwa pamoja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha msimbo kilichopokea idadi ya siku tangu mwanzo wa 1980 na kuibadili kuwa mwaka. Kilizunguka kikitoa siku 365 kwa mwaka wa kawaida na 366 kwa mwaka mrefu, hadi siku zilizobaki zisizidi 365. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu. Siku yake ya mwisho zilibaki siku 366 kamili. Zilizidi 365, hivyo mzunguko haukuruhusiwa kuisha. Lakini hazikuzidi 366, hivyo hakuna kilichotolewa. Kifaa kikazunguka palepale. Dawa iliyotangazwa ilikuwa kuacha betri iishe, kisha kuwasha tena kesho yake baada ya adhuhuri kwa saa za Greenwich.

Kipande hicho kilikuwa rahisi mno kupimwa: namba inaingia, mwaka unatoka. Jaribio moja fupi lenye namba ya siku ile lingeifichua hitilafu mapema kabisa. Hapo anayeuliza “kwani hawakuijaribu?” ana haki ya kuuliza.

Sasa tukibadilishe kidogo. Tuseme kipande kilekile hakipewi idadi ya siku, bali kinakwenda chenyewe kuisoma saa ya kifaa, na kikishapata mwaka hakirudishi jibu bali kinauandika moja kwa moja kwenye skrini. Hesabu ni ileile na hitilafu ni ileile, lakini mpimaji amebaki mikono mitupu. Hawezi kukipa siku anayoitaka; lazima aisubiri ifike au aibadilishe saa ya mashine nzima. Hata jibu likitoka, lazima alisome kwenye skrini. Ni kama bomba lililofukiwa ukutani kutoka kwenye tangi hadi kwenye sinki bila koki hata moja katikati: maji yanapita, kila mtu ameridhika, ila siku presha ikishuka fundi hana pa kuweka kipimo mpaka avunje ukuta.

Karibu kila lalamiko kwamba “hii haijaribiki” linaangukia pande mbili hizo. Ama huwezi kushika kinachoingia, ama huwezi kuona kinachotoka. Vinavyoingia kwa siri ni vingi kuliko watu wanavyodhani: saa, namba za nasibu, majibu ya mtandao, mafaili yaliyopo kwenye mashine hii na yasiyopo kwenye ile, mabaki yaliyoachwa kwenye hifadhidata na shughuli iliyotangulia. Vinavyotoka kwa siri ni barua pepe iliyotumwa, fedha iliyohamishwa, mota iliyozungushwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolichukulia suala hili kama upungufu wa zana. Zana zipo, nyingine za ajabu kweli, zinazoweza kuidanganya programu kuhusu saa au mtandao bila yenyewe kujua. Lakini jaribio linapokuwa gumu kuandika, mara nyingi ni msimbo unaokuambia habari zake: umeshikamana na vitu ambavyo haukupaswa kuvishika. Ukikimbilia zana ya kulazimisha, umenyamazisha habari hiyo.

Tiba ya kawaida haina uchawi. Kinachoingia kwa siri kiingizwe mlangoni. Badala ya msimbo kuisoma saa, upewe wakati na yule anayeuita. Katika matumizi ya kila siku atakachoupa ni saa halisi. Katika jaribio utapewa 31 Desemba 2008, au 29 Februari, au sekunde moja kabla ya mwaka mpya, kadiri mpimaji atakavyo. Mabadiliko yenyewe yanaweza kuwa ya mstari mmoja.

Hatua kubwa zaidi ni kutenganisha kuamua na kutenda. Chukua programu inayowatumia ujumbe wateja waliochelewa kulipa. Ikiandikwa kwa haraka, inafungua hifadhidata, inasoma mteja mmoja, inapiga hesabu ya siku, inatuma ujumbe, inakwenda kwa wa pili. Kuijaribu ni mateso, maana kila jaribio linataka hifadhidata iliyojazwa na namba za simu zitakazopokea ujumbe. Igawanye. Sehemu ya kwanza ipokee orodha ya wateja na tarehe ya leo, irudishe orodha ya watakaokumbushwa na maneno watakayoandikiwa. Sehemu ya pili ichukue orodha hiyo na kutuma tu. Yale maswali magumu yote, nani amechelewa, vipi aliyelipa nusu, vipi aliyekwisha kukumbushwa jana, yamebaki kwenye sehemu ya kwanza, isiyogusa mtandao wala hifadhidata, na unaweza kuiandikia majaribio hamsini yanayokwisha kabla hujapepesa jicho. Sehemu ya pili inabaki nyembamba kiasi kwamba majaribio mawili matatu ya polepole yanaitosha.

Lakini si kila kitu kinagawanyika. Mahali fulani programu lazima ikutane na dunia, na kwenye jaribio dunia hiyo ama haipatikani, ama ni ghali, ama ni ya hatari. Hapo ndipo vinapoingia vibadala. Kibadala ni kipande cha msimbo kinachojifanya kitu halisi: kinajifanya benki na kujibu “malipo yamekubaliwa”, kinajifanya kipimajoto na kusema nyuzi 40. Programu inayopimwa haijui tofauti.

Vibadala vina faida kubwa, na vina kosa moja la kuzaliwa nalo. Kinachojua kibadala ni kile tu alichokuwa anakijua mwandishi wake. Kama umeielewa benki vibaya, kibadala chako cha benki kitakuwa na kutokuelewa kulekule, na majaribio yatapita yote kwa furaha.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili ni roketi ya Ariane 5. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na baada ya sekunde 40 hivi ikapinda na kulipuka. Vifaa vya kutambua mwelekeo wake vilikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Sehemu moja ya programu hiyo ilibadili namba iliyohifadhiwa kwenye nafasi kubwa (biti 64) kuwa namba ya nafasi ndogo (biti 16). Kwenye Ariane 4 haikuleta shida, kwa sababu namba haikuwa kubwa hivyo. Ariane 5 ilikuwa na njia tofauti ya kupaa, ikashika kasi kubwa zaidi ya kwenda mbele, namba ikazidi nafasi yake, na vifaa vyote viwili, kile kikuu na kile cha akiba, vikazimika kwa sababu ileile. Cha kusikitisha zaidi, hesabu iliyokosea haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini.

Majaribio je? Mfumo mzima wa kuongoza roketi uliigizwa ardhini kabla ya safari. Ila vifaa vile vya mwelekeo havikuwekwa kwenye uigizaji huo. Mahali pake viliwekwa vibadala vya programu, vilivyotoa namba nzuri ambazo vifaa halisi vilitarajiwa kutoa. Kibadala hakikuwa na hitilafu ya biti 16. Kwa hiyo kilichopimwa ni roketi ambayo haikuwahi kuruka.

CrowdStrike nayo iko jirani na hapo. Programu yao ya ulinzi ilikuwa na sehemu inayosoma kanuni za kutambua mashambulizi, na kanuni za aina mpya zilipangwa kuwa na nafasi 21 za taarifa. Msimbo wenyewe ulikuwa ukipeleka taarifa 20. Kwenye majaribio, nafasi ya 21 ilijazwa alama yenye maana ya “chochote ni sawa”, hivyo hakuna kilichokwenda kuitafuta taarifa ambayo haikuwepo. Kanuni kadhaa za aina hiyo zilisambazwa kuanzia Machi, zote zikiwa na alama hiyo, bila tatizo. Julai ikaja ya kwanza iliyodai thamani halisi kwenye nafasi ya 21. Programu ikasoma kumbukumbu isiyo yake, na kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows, ilipoanguka ilianguka na mashine nzima. Chombo cha kukagua mafaili kabla ya kusambazwa nacho kilikuwa kikiamini kwamba taarifa ni 21.

Kuna jambo la pili katika mkasa huo ambalo kwangu lina uzito kuliko la kwanza. Faili lile lilipelekwa kwa wateja wote kwa mkupuo. Liliondolewa baada ya dakika 78, na dakika hizo zilitosha. Kupeleka sasisho kwa mashine chache kwanza, ukasubiri uone, nako ni kujaribu. Pengine ndiyo njia pekee ya kuyapima mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria akiwa mezani.

Hapa kuna imani potofu inayofaa kuondolewa: asilimia. Makampuni hupenda kutangaza kwamba majaribio yao yanafikia asilimia 90 au 100 ya msimbo. Maana yake ni kwamba mistari hiyo iliendeshwa walau mara moja wakati wa majaribio. Rudi kwenye kile kipande cha Zune. Tarehe mbili tatu za kawaida zingegusa kila mstari wake, asilimia 100 safi, bila kuigusa siku ya 366. Asilimia ndogo ni habari mbaya ya kuaminika. Asilimia kubwa si habari njema ya kuaminika. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alilisema jambo hili mapema sana, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba hitilafu zipo, hayawezi kamwe kuonyesha kwamba hazipo.

Tunafika sasa penye ugumu wa kweli. Yote niliyoeleza yanahusu programu inayofanya jambo moja kwa wakati mmoja. Programu nyingi za leo hufanya mambo mengi sambamba, na matokeo hutegemea nani amewahi.

Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, kwa matukio yanayojulikana, mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Katika moja ya hitilafu zake, mhudumu akichagua aina ya mionzi kimakosa, kisha akarudi kusahihisha na kumaliza ndani ya sekunde nane hivi, muda ambao sumaku za mashine zilikuwa bado zinajipanga, skrini ilionyesha sahihisho lakini sehemu nyingine ya programu haikulipata. Akisahihisha polepole, hakuna tatizo. Ndiyo maana hitilafu ilikwepa kuonekana: anayejaribu mashine mpya huandika kwa uangalifu, wakati mhudumu aliyeitumia miezi mingi vidole vinajiendea vyenyewe. Baada ya ajali mbili katika hospitali moja ya Texas mwaka 1986, mwanafizikia wa hapo na mhudumu walikaa wakirudia kuandika hatua zilezile hadi wakaipata kasi inayoleta kosa. Mashine za zamani za ukoo huo zilikuwa na vizuizi vya kimakanika vilivyoikata mionzi. Kwenye Therac-25 viliondolewa, kazi ikaachiwa programu.

Jaribio la kawaida halikamati kitu kama hicho, kwa sababu jaribio huenda kwa kasi yake yenyewe, na kasi hiyo hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Matokeo yake ni majaribio vigeugeu: leo linapita, kesho linafeli, na hakuna aliyegusa kitu. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiasi fulani. Ubaya wa kigeugeu ni kwamba kinawafundisha watu kupuuza. Jaribio likifeli, mtu analiendesha tena, linapita, anaendelea na shughuli zake; na siku likifeli kwa sababu ya kweli naye anaendelea na shughuli zake.

Wengi hutibu kigeugeu kwa kuongeza usingizi: “subiri sekunde tano, kisha kagua.” Usifanye hivyo. Sekunde tano hazitoshi mashine ikiwa imeelemewa, na ni upotevu ikiwa haina kazi. Afadhali jaribio lisubiri tukio lenyewe, kwa mfano alama kwamba faili limekwisha kuandikwa. Bora kuliko hapo ni kumpa mpimaji mamlaka juu ya mfuatano, aweze kusema: simamisha shughuli A hapa, ruhusu B imalize, sasa A iendelee. Utaona tumerudi kwenye koki ya bomba. Mfuatano nao ni kitu kinachoingia kwa siri.

Aina ya mwisho ya ugumu ni tofauti kabisa na hizo. Unashika kila kinachoingia, unaona kila kinachotoka, ila hujui jibu sahihi ni lipi. Programu ya kutabiri hali ya hewa imesema mvua milimita 12. Ilipaswa kusema ngapi? Kama ungekuwa unajua, usingeandika programu. Mwanasayansi wa kompyuta Elaine Weyuker aliandika kuhusu programu za namna hii mwaka 1982, na tangu hapo njia ya kuzikabili imekuwa kuacha kuuliza jibu na kuuliza uhusiano. Sijui njia fupi kuliko zote kutoka A hadi B ina urefu gani. Lakini najua haiwezi kuwa ndefu kuliko kupitia C. Najua pia kwamba, kama barabara zote zinapitika pande mbili, kurudi kutoka B hadi A ni urefu uleule. Sijui utafutaji unapaswa kuleta matokeo mangapi, ila nikiongeza sharti, matokeo yasiongezeke. Kila uhusiano wa namna hiyo ni jaribio kamili.

Kuanzia hapo kompyuta inaweza kujitungia mifano. QuickCheck, zana iliyoletwa na Koen Claessen na John Hughes mwaka 2000, hupewa uhusiano unaopaswa kuwa kweli daima, kisha yenyewe hutunga mifano ya nasibu kwa mamia ikitafuta wa kuuvunja. Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikwenda mbali zaidi, au tuseme chini zaidi. Usiku mmoja wa mvua ya radi alikuwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu, kelele za laini zikaingiza herufi za ovyo, na programu za kawaida zikaanguka. Yeye na wanafunzi wake wakaamua kuzirushia programu takataka makusudi, sharti likiwa moja tu: usianguke. Matokeo waliyochapisha mwaka 1990 yalionyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya programu za Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, walizozijaribu ziliangushwa.

Anayedhani akili mnemba itaondoa haya yote kwa kujiandikia majaribio yenyewe aangalie inakotoa majibu. Ikisoma msimbo na kuandika jaribio linalokubaliana na msimbo huo, imethibitisha kwamba msimbo unafanya unachofanya. Hitilafu ya siku ya 366 ingepata jaribio lake la kuilinda.

Hata hivyo kuna mahali ambapo jaribio la aina hiyohiyo ndilo linalotakiwa, na hapo ndipo wanaoanza kazi hukutana na ugumu kwa mara ya kwanza. Umekabidhiwa programu ya zamani, walioiandika wameondoka, haina jaribio hata moja. Ili kuijaribu unahitaji kuigawa. Ili kuigawa bila kuiharibu unahitaji majaribio. Mzunguko huo hukatwa kwa kuacha kwa muda swali la usahihi. Unaipa programu data nyingi za aina mbalimbali kutoka nje kabisa, unahifadhi kila inachotoa kama kilivyo, na hicho ndicho kinakuwa jibu linalotarajiwa. Kisha unaanza kukata vipande vidogo, koki moja baada ya nyingine, ukilinganisha kila mara na kumbukumbu yako.

Ndani ya kumbukumbu hiyo utakuta makosa. Ankara inayojumlisha vibaya senti ya mwisho, orodha inayoruka jina moja. Yaandike pembeni na uyaache kama yalivyo hadi umalize kugawa, kisha kaulize nani anayapokea majibu hayo. Huenda kuna programu nyingine, upande wa pili wa kampuni, ambayo kwa miaka kumi imekuwa ikiongeza senti hiyo kimyakimya.